Haina miye njo nililipa

Watu wa Dar es Salaam wakisikia Kiswahili chetu cha Lubumbashi hucheka kwanza, halafu ndipo huuliza. Basi niwatangulizie jibu: "haina miye" ni "si mimi", na "njo" ni ile "ndio" yenu iliyodondosha herufi njiani kabla ya kufika Katanga. Sentensi hii niliisema kwa siku 97 mbele ya gishe moja, yaani dirisha la huduma, ya benki hapa mjini. Niliisema nikiwa mpole, nikiwa nimekasirika, na siku moja nikiwa na homa. Kwa Kifaransa niliiandika katika barua tatu. Jibu la kwanza lilikuwa hapana, na la pili pia.

Ilikuwa usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, katikati ya Juni. Anayeijua Lubumbashi anaijua baridi ya Juni: unalala na soksi, na kutoa mkono nje ya blanketi ni kazi ya kufikiria. Simu ikalia saa 8:14 usiku. Kwetu simu ya saa hizo haileti kingine ila msiba, kwa hiyo nikajifanya sikusikia. Ikalia tena saa 8:16. Ilipolia mara ya tatu, saa 8:31, nikatoa mkono.

Hakuna aliyekufa. Ulikuwa ujumbe wa benki. Dola 189. Chini yake, dola 189 tena. Chini yake, dola 64.50. Zote zilikwenda kwa duka la mtandaoni lenye jina la konsonanti tupu, mfano wa mtu aliyekalia kibodi. Ninauza pazia, zile tunazoita rido, katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, si ile nchi. Sijawahi kununua hata sindano saa nane usiku.

Niliketi kitandani nikapiga namba iliyoandikwa nyuma ya kadi. Iliita, ikaita, muziki ukapigwa, ikakata. Nikapiga tena. Hapo nikafanya jambo moja ambalo hadi leo najipongeza: kwa programu ya benki nikahamisha salio lote lililobaki kwenda kwenye pesa ya simu, kila senti, kisha nikapiga picha ya kila ujumbe na saa yake. Kama kungekuja malipo ya nne, yangekuta nyumba tupu. Saa kumi na mbili asubuhi mtu akapokea, akafunga kadi. Nilimwomba anitajie namba ya lile ombi, na saa aliyolifanya. Alishangaa kidogo, lakini akanitajia.

Saa tatu nilikuwa mjini, wa nne kwenye foleni. Kijana wa gishe ni mtu wa heshima, lazima niseme. Umri wa mtoto wangu wa kwanza, tai imenyooka, sauti ya chini.

"Mama, kadi iko wapi?"

"Iko hapa." Nikaiweka mbele yake.

"Haikupotea?"

"Haikupotea."

"Kuko mutu mwenye ulipatia zile namba?"

"Hakuna, papa."

Akanipa fomu ya malalamiko. Ndani yake kulikuwa na kisanduku kinachouliza kama kadi imo mikononi mwa mwenye kadi. Nikatia alama ya ndiyo, maana ilikuwa kweli, na mtu aliyelelewa na mama yangu hadanganyi kwenye karatasi yenye muhuri. Alama ile moja ilirudi kunipiga siku 24 baadaye.

Barua ilikuwa ya aya mbili. Ya kwanza ilinishukuru kwa imani yangu. Ya pili ilisema malipo yalifanywa kwa namba sahihi za kadi, kwamba kadi haikuwa imepotea wala kuibwa kwa maelezo yangu mwenyewe, kwamba kila malipo yalikuwa *autorisé*, na kwa hiyo ombi langu lisingeweza kupewa *suite favorable*, yaani kukubaliwa. Mwanakongo yeyote aliyewahi kuomba kazi, ruhusa au uwanja anayajua maneno hayo mawili. Ukiyaona, unakunja barua.

Sikuikunja. Neno lililonikwama kooni ni lile *autorisé*. Yaliruhusiwa, wanasema. Na nani?

Siku ya 31 nikarudi kwa mkuu wa tawi. Alinikaribisha kiti, akakigeuza kioo cha kompyuta nione, akaonyesha kwa kalamu: hapa, mama, na hapa, na hapa, kila mstari umeandikwa umeruhusiwa. Nilitazama ile mistari ya kijani. Nikamwambia haina miye. Akasema anaelewa, lakini sistemu ndiyo inasema. Nilitoka nikiwa na hasira ambayo sikujua niitue wapi, nikapita pale Poste katikati ya wabadilisha fedha na mafungu yao ya franga, nikawaza kwamba angalau hawa wakikuibia unawaona usoni.

Msaada ulitoka mahali nisipopatarajia, juu ya ngazi. Siku ya 38 nilikuwa nyumbani kwa mteja, upande wa Golf, nikipima madirisha yake ya sebule. Mzee mstaafu, alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika idara ya kadi za benki, si hapa, nje ya nchi. Yeye alikaa kwenye kiti akiandika vipimo ninavyomtajia. Mita mbili na sentimita arobaini, nikasema, na bila kujua nikaendelea na hadithi yangu ya dola. Akaweka kalamu chini.

"Shuka kwanza, mama."

Nikashuka. Akaniuliza swali moja ambalo hakuna aliyeniuliza tangu Juni: usiku ule, kabla ya malipo kupita, simu ililetewa msimbo? Zile tarakimu sita ambazo benki hukutumia uzirudishe kwenye tovuti ili kuthibitisha?

Hapana. Zilikuja taarifa tu, baada ya pesa kutoka.

"Basi," akasema, "wewe unagombana na mtu ambaye pesa hii hata haimuumi."

Nitaeleza kama alivyonieleza, kwa kuwa hapo ndipo jambo lote lilipo. Kadi inapotumika mtandaoni, duka linapeleka namba kwa benki yake, benki yake inapeleka kwa mtandao wa kadi, Visa au Mastercard, na mtandao unaiuliza benki yangu: akaunti ipo? salio lipo? kadi haijafungwa? Mashine ya benki yangu ikijibu ndiyo, hilo ndilo linaloitwa *autorisation*. Ni mashine ya benki iliyoruhusu. Mimi sikuulizwa. Nilikuwa nimelala na soksi. Ile mistari ya kijani niliyoonyeshwa ilikuwa kumbukumbu ya ruhusa ya benki kwa benki, na wao wakaisoma kama ruhusa yangu. Neno moja la Kifaransa, watu wawili tofauti wanaosema ndiyo.

Na namba sahihi? Namba 16 zimeandikwa upande mmoja wa kadi, tarehe ya mwisho chini yake, tarakimu tatu za siri nyuma. Siri gani hiyo iliyoandikwa juu ya kitu ambacho kila hoteli inataka ukitoe mfukoni? Mwezi wa tano nilikuwa Kariakoo kuchukua vitambaa, na nilipolipa chumba kijana alikwenda na kadi yangu nyuma ya mlango, akakaa huko dakika moja labda. Simshtaki. Huenda namba zilitoka kwenye tovuti fulani iliyodukuliwa, huenda kuna kompyuta mahali inayobahatisha namba mpaka ipate, hilo nalo linafanyika sana. Mtu akilijua jina la mama yangu hajawa ndugu yangu.

Ila kuna lile la msimbo. Mzee akanieleza kwamba duka linachagua lenyewe: liombe msimbo wa uthibitisho, au liuache ili mteja asichoke njiani akaondoka bila kununua. Likiuomba na ukajibiwa sawasawa, hasara ya wizi inaihamia benki iliyotoa kadi. Likiuacha, hasara hubaki kwa duka. Benki ya mwenye kadi inafungua madai kupitia mtandao na kuzirudisha fedha kutoka benki ya duka. Kwa Visa madai ya wizi wa namna hii yana namba yake, 10.4, malipo bila kadi kuwepo. Kwa Mastercard ni 4837, mwenye kadi hakuidhinisha. Hayo ni maandishi ya mtandao, na yanafuata kadi popote inapokwenda, Ndola ya Zambia au Liège ya Ubelgiji au soko la Kenya.

"Wana siku 120 kufungua madai," akasema. "Leo umekula ngapi?"

Nikahesabu kwa vidole. 38.

Nikarudi juu ya ngazi kumaliza dirisha la pili, mikono ikitetemeka kidogo. Nilikosea kipimo, pazia lile nikalirudia bure.

Nina mdogo wangu anayekaa Liège. Usiku ule nilimpigia, akanisomea sheria yao, Direktivu ya Ulaya namba 2015/2366. Kifungu cha 72 kinasema kwamba kule kuandikwa tu kwamba kadi ilitumika hakutoshi peke yake kuthibitisha kuwa mwenyewe aliidhinisha. Benki ndiyo yenye mzigo wa kuonyesha. Kifungu cha 73: irudishe pesa kabla ya siku ya kazi inayofuata kwisha, isipokuwa ina sababu ya kumshuku mteja mwenyewe na ipeleke sababu hiyo kwa mamlaka. Mteja ana miezi 13 ya kutoa taarifa. Nilisikiliza nikiona wivu, wivu mtupu, kama mtu anayesikia jirani akielezea bomba linalotoa maji siku nzima. Mdogo wangu akataka nikiweke kifungu hicho kwenye barua. Nikakataa. Hakimu wa Lubumbashi hahukumu kwa sheria ya Brussels, na benki ingefurahi sana kunijibu hilo tu badala ya kunijibu swali. Lakini swali lenyewe halina pasipoti. Nikaliazima.

Barua ya siku ya 40 nilimwandikisha mtoto wangu wa pili, anayesoma chuo kikuu hapa. Haikulia wala haikutukana. Iliuliza, kwa kila malipo na saa yake, kama duka liliomba uthibitisho wa mwenye kadi, na kama ndiyo, msimbo ulitumwa kwa namba gani ya simu na saa ngapi. Iliuliza kiashirio cha malipo ya mtandaoni kilichoambatana na kila muamala, kile ambacho mzee wa Golf alisema niandike hivihivi: ECI. Iliomba benki ifungue madai kwenye mtandao wa kadi kabla ya siku 120 kwisha, na kama haitaki, iandike kwamba haitaki, na sababu. Nikataja sheria namba 18/019 ya tarehe 9 Julai 2018 juu ya mifumo ya malipo, kwa mstari mmoja, waone tu kwamba nchini kwetu nako kuna sheria. Chini kabisa nikaandika kwamba nakala imekwenda Banki Kuu ya Kongo, ambayo ndiyo msimamizi wao. Na kweli nilipeleka, kwa mkono, katika ofisi yao ya mjini. Nakala zote mbili niligongewa muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri kwetu ni hadithi.

Polisi nilikuwa nimekwenda tangu wiki ya kwanza, nikapata PV, hati ya polisi ya mashtaka yangu. Hawakumkamata mtu na sikutegemea wamkamate, mwizi mwenyewe labda yuko bara jingine. Lakini karatasi ile inaonyesha kwamba nilishtaki mapema, kabla sijajua nitajibiwa nini.

Sasa nije kwenye aibu yangu, maana nikiificha hadithi haitakuwa kweli.

Kwenye fomu ya kwanza sikuwa nimeandika malipo matatu tu. Nilipopewa taarifa ya akaunti niliipitia na kalamu nyekundu, nikaona mengine mawili nisiyoyatambua: dola 1 ya Jumanne ile, na dola 12.99 ya Alhamisi. Dola 1 ilikuwa na jina lilelile la konsonanti. Ujumbe wake ulikuja mchana nikiwa na mteja, nikadhani ni makato ya benki. Kumbe ndivyo wanavyoonja, wanachovya kidole, wakiona kadi iko hai wanarudi usiku na bakuli. Zile 12.99 zilikuwa na jina jingine la kigeni. Nikazitia zote kwenye orodha, jumla dola 456.49, nikasaini.

Siku ya 43 mtoto wangu wa pili, huyohuyo aliyeniandikia barua, alikaa mezani asile. Bukari, ugali wetu, ikapoa mbele yake. Nikamuuliza ana nini.

"Mama, ile kumi na mbili na tisini na tisa…"

Mwezi wa tano alikuwa ameweka kadi yangu kwenye programu ya kuchorea, ya masomo yake, siku thelathini za bure. Siku thelathini zikaisha, programu ikajikatia. Jina kwenye taarifa ya akaunti halikuwa jina la programu, lilikuwa la kampuni inayoimiliki. Ameijua tangu siku aliponiona na kalamu nyekundu, akaogopa, na kila nilipozidi kukasirika mjini akazidi kuogopa nyumbani. Mchana wa ile barua ya siku ya 40 alikuwa anaandika dola 456.49 kwa mkono wake.

Sitawasimulia niliyosema. Majirani walisikia. Usiku sikulala, si kwa dola 12.99, bali kwa sababu nilikuwa nimesaini kwamba simjui mlipaji wa malipo ambayo yalifanyika nyumbani kwangu, mezani kwangu. Benki ikigundua, ingesema: unaona? Na ingekuwa na haki ya kusema. Dada yangu mkubwa alinishauri ninyamaze. "Acha, Mungu anajua."

Mungu anajua, lakini benki nayo ina anwani ya kompyuta iliyolipa. Siku ya 44 nikapeleka barua ya tatu, fupi: nimekosea, malipo ya dola 12.99 ni ya nyumbani kwangu, nayaondoa, yanayobaki ni manne, jumla dola 443.50. Kijana wa gishe aliisoma mara mbili. Aliinua macho akanitazama kama mtu anayeona rangi mpya ya pazia kwenye dirisha la zamani. Naamini, ingawa siwezi kuthibitisha, kwamba barua ile ndiyo iliyofungua mlango. Mwongo hapunguzi deni analodai.

Siku ya 57 wakaniita. Kijana alikuwa na karatasi moja, imechapwa kutoka idara ya kadi huko Kinshasa. Mistari minne, kila mmoja na tarehe, saa, kiasi, na safu nyembamba ya mwisho kulia. Akaweka kidole juu ya safu ile. 07. 07. 07. 07.

Mzee wa Golf alikuwa amenifundisha kuisoma kama vile mimi ningemfundisha kusoma tepu. Kwa Visa, 05 ni kwamba mwenye kadi alithibitishwa. 06 ni kwamba duka lilijaribu. 07 ni kwamba hakuna aliyeuliza. Ile karatasi ilikuwa ndani ya mashine zao tangu usiku wa baridi, walipokuwa wakiniandikia kuhusu *suite favorable*.

"Mama," kijana akasema polepole, "haikukuuliza."

"Njo nilikuwa nasema."

Madai yalifunguliwa siku ya 61. Benki ya duka hupewa siku 30 kujibu, na kwa kadiri nilivyoambiwa haikujibu lolote. Siku ya 97, Septemba, jua limeanza kuwaka na vumbi la mwisho wa kiangazi limejaa kwenye vitambaa vyangu, simu ikalia saa nne asubuhi sokoni. 189. 189. 64.50. Nilimwomba mteja asubiri, nikakaa juu ya robota ya vitambaa.

Wiki iliyofuata nilikwenda kuchukua kadi mpya. Kijana wa gishe akanipa kalamu nisaini, nikasaini. Kisha nikamuuliza:

"Na ile dola moja?"

Akaeleza kwamba muamala mdogo vile idara haikuupeleka, gharama ya madai ni kubwa kuliko pesa yenyewe. Nikamwambia nimeelewa. Nikaendelea kusimama. Nyuma yangu foleni ikaanza kukohoa.

Akatazama kushoto, akatazama kulia, akatia mkono mfukoni mwake mwenyewe, akanisukumizia noti ya dola moja chini ya kioo. Niliinyanyua kwenye mwanga, kama ambavyo sisi sote tunafanya hapa kabla ya kupokea dola ya mtu. Pembeni, karibu na sikio la George Washington, ilikuwa na mchaniko mdogo, mfupi kuliko ukucha.

"Papa," nikamwambia, "hii imepasuka. Nani ataipokea?"

Nikamrudishia.